Mechanicus na Mafundi Wahodari

Sisi kazi yetu ni uhandisi, na shahada tuliipatia hapa hapa Uingereza miaka ya 1990. Kilatini hatukukisoma hata siku moja. Juzi kijana wetu, anayefundishwa lugha hiyo shuleni, alitutandazia daftari mezani: mechanicus, mechanica, mechanicum. Kivumishi kimoja, miisho mitatu: wa kwanza kwa jina la kiume, wa pili kwa la kike, wa tatu kwa lisilo huku wala huku. Jina likiingia wingi, mwisho nao hubadilika: ars mechanica, artes mechanicae. Tukamwambia, basi hizo si ngeli tu? Mtu mzuri, watu wazuri, kitu kizuri. Ila sisi tunavisha kichwa, wao wanavisha mkia.

Kumbe neno lenyewe si la Warumi. Ni la Kigiriki, mekhanikos, kutokana na mekhane, yaani mtambo. Jina la mtambo Warumi walikuwa wameshalikopa zamani kwa Wagiriki wa lahaja ya Kidori, waliolitamka makhana, likawa machina; ndiyo asili ya mashine yetu. Kivumishi kilikuja baadaye kwa mlango mwingine, ndiyo maana kina e pale ambapo machina ina a. Lakini kilipofika kilivuliwa -os kikavishwa -us, kikapatanishwa na kila jina kama mwenyeji.

Hapo tulinyamaza. Sisi Waswahili kivumishi kilichotoka Uarabuni hatukivishi kitu: kazi rahisi, vitu rahisi, mtu hodari, watu hodari. Kijana wetu alipokuwa na miaka saba alimwambia bibi yake wa Tanga kwenye simu kwamba nyumbani wamekuja "mafundi wahodari". Tulicheka sebule nzima. Tangu siku hiyo akipewa simu alisema shikamoo tu, akairudisha. Tulidhani ni haya za utoto.

"Kwa hiyo mimi nilifanya kama Warumi," alisema, macho kwenye daftari.

Kweli. Kanuni aliijua, alichokuwa hajui ni neno lipi mgeni. Tulimwomba radhi, jambo ambalo wazazi wa kwetu hatujalizoea.

Siku hizi huongea na bibi yake. "Wahodari" bado humponyoka, na mama yake humsahihisha, ila baada ya simu kukatwa.