Lita Saba za Maji

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa kwa neno ilikuwa kuwafundisha watu wa ng'ambo kutengeneza mvinyo nyumbani. Sikuwa nimewahi kutengeneza hata glasi moja. Nilikuwa nimeacha uhandisi mwaka wa tatu, nakaa keja ya chumba kimoja Kahawa West, na mteja alitaka makala 12 kabla ya Ijumaa. Nikasoma za wengine, nikazipindua, nikatuma. Zile zilizotoka fupi niliziongezea maji mpaka zikafika maneno 1,000.

Moja ilihusu juisi nzito ya zabibu. Kiwandani wanaondoa sehemu kubwa ya maji kwenye juisi, inabaki tamu na nzito karibu kama asali. Kwa hivyo ni nyepesi kusafirisha na haiharibiki upesi. Anayeinunua anarudisha maji, anatia hamira, anafunika ndoo, anangoja. Boksi linaeleza ujaze maji mpaka kiasi gani. Mimi niliandika, kwa ule ujasiri wa mtu asiyejua, kwamba ukitaka mvinyo mkali zaidi basi punguza maji. Mteja akalipa bila swali.

Miaka miwili baadaye, binamu yangu aliye muuguzi Uingereza akaja likizo Julai na boksi lenyewe kwenye begi. Lita 5 za juisi nzito nyekundu, pakiti ya hamira, vipakiti vya dawa ya kusafisha mvinyo, na haidromita ya kioo. "Si wewe ndiye mtaalamu?" akasema, akicheka. Boksi lilisema: jaza maji mpaka lita 23.

Nilinunua mitungi miwili ya maji kwa jamaa wa mkokoteni, nikayachemsha sufuria baada ya sufuria, nikayaacha yapoe. Nikamimina juisi kwenye ndoo kubwa, nikaanza kuongeza maji. Ilipofika lita 16 nikasimama. Nilijiambia nataka mvinyo wa nguvu, si maji ya rangi. Lakini si hiyo tu. Mkono wangu ulikataa kuendelea kumimina maji kwenye kitu kizuri, na najua mkono huo ulijifunzia wapi.

Nililelewa Kinangop, kwa ng'ombe wanne na baba asiye na mchezo na maziwa. Kila asubuhi mkebe wa lita 10 ulienda kwenye kituo cha chama cha wakulima. Karani alichota maziwa, akatumbukiza laktomita, akasoma. Maziwa safi yalisoma 28 kwenda juu. Yakisoma chini ya hapo, umeongeza maji, na foleni nzima imesikia. Kwetu, "kuongeza maji" lilikuwa jina la kila uongo. Fundi akitumia saruji kidogo, ameongeza maji. Mwanasiasa akiahidi barabara, anaongeza maji.

Nilipokuwa na miaka 11, siku moja kijana wetu wa ng'ombe alikuwa shambani na mimi nikatumwa kupeleka mkebe hadi barabarani, baba akifuata nyuma. Nikateleza kwenye tope karibu na mto. Mfuniko ukafunguka, maziwa yakamwagika. Nikaogopa. Nikachota maji ya mto, nikajaza mpaka alama ya kawaida, nikafunga.

Karani akasoma 24. Akarudia, 24. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba leo hata mzee huyu ameanza. Baba hakujibu. Alibeba mkebe akarudi nao nyumbani, na jioni hiyo akamlipa yule kijana siku zake na kumwambia aende. Kijana aliapa kwa mamake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ndama, nimeshika kamba. Akaondoka na begi lake na redio ndogo. Sikusema neno siku hiyo, wala miaka 14 iliyofuata.

Kwa hivyo lita 16.

Haidromita ni ndugu wa laktomita. Zote ni vioo vinavyoelea, na kadiri kinywaji kilivyo kizito ndivyo kioo kinavyopanda juu. Maji matupu husoma 1.000. Ndoo yangu ilisoma 1.108, nikafurahi sana. Ukichukua kipimo cha mwanzo, ukatoa cha mwisho, ukazidisha kwa 131, unapata asilimia ya pombe. Kwa hesabu yangu nilikuwa naelekea 14 na ushee. Nikawaambia wasee wa ploti wajiandae.

Siku tano ndoo ilinguruma vizuri. Siku ya sita ikapunguza. Siku ya kumi ikanyamaza kabisa. Kipimo kikasimama 1.040 na kikabaki hapo wiki nzima. Nilionja: utamu wa sharubati na ukali unaokwaruza meno, vyote kwa pamoja, kama dawa ya kikohozi.

Hapo ndipo niliposoma kama mtu anayetaka kujua. Hamira ni kiumbe. Ukiitia kwenye sukari nyingi mno, sukari hiyo huivuta maji kutoka ndani ya mwili wake. Kisha pombe inayoitengeneza yenyewe inaanza kuichosha. Ongeza baridi ya Julai ya Nairobi usiku kwenye sakafu ya simiti, na inalala. Halafu asidi. Waliotengeneza juisi ile walipima asidi kwa ajili ya lita 23. Kama ilipangwa iwe gramu 6 kwa lita, kwenye lita 16 inakuwa karibu 8.6. Sikuwa nimekoleza pombe peke yake. Nilikuwa nimekoleza kila kitu, pamoja na kile kisichotakiwa kuzidi.

Kilichonikera ni jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Yale maji hayakuwa ya kudanganya. Zabibu ilikuwa nayo tangu mwanzo, yakatolewa kwa ajili ya safari tu. Ukiongeza mpaka lita 30, hapo ndipo unapoiba, na utapata kitu chepesi kisicho na ladha. Lakini mpaka 23 unarudisha tu. Na mimi nilikuwa nimeandika kinyume, na mahali fulani duniani kuna mtu aliyenisoma na ndoo yake imekwama.

Nikachemsha lita 7, nikaziacha zipoe mpaka uvuguvugu, nikazimimina polepole. Nikanunua hamira mpya, nikaiamsha kando kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, kisha nikawa naionjesha mvinyo kijiko kwa kijiko ili isishtuke, ndipo nikaitia. Nikaifunga ndoo kwa blanketi langu, mimi nikalala na jaketi. Lakini kabla ya kutia hamira nilikuwa nimepima.

1.028.

Nilikaa chini. Ni hesabu tu, najua. 40 mara 16 gawanya kwa 23. Lakini namba hiyo ndiyo karani alitakiwa kusoma asubuhi ile.

Nilimpigia baba. Nilianza kwa kuzunguka: nikamuuliza walikuwa wakifanyaje maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, kwa sababu joto hudanganya kipimo. Akanieleza kwa furaha, hajaniongelesha hivyo tangu niache chuo. Joto likipanda kipimo kinashuka, unaongeza kidogo. Akauliza, "Unapima maziwa ya nani huko Nairobi?"

"Si maziwa, Baba." Nikamwambia ni kitu gani. Kisha nikamwambia kuhusu tope, mto na mkebe.

Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama bado anaongea nami.

"Ulimwaga ngapi?"

"Kama lita mbili."

"Mbili kwa kumi." Nikamsikia akipiga hesabu kwa mdomo. "Ndiyo. Hiyo inatoa 24 kamili."

Hakuwa amesahau namba. Hakunigombeza pia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema yule kijana siku hizi ana duka la mbolea na chakula cha ng'ombe hapo Engineer, ana watoto watatu, na kwamba wakikutana sokoni husalimiana vizuri kwa mkono.

"Mimi nitaenda kwa upande wangu," akasema. "Wewe utaenda kwa upande wako. Usinitume mimi."

"Sawa, Baba."

"Na hiyo pombe usimletee mama yako hapa."

Wiki tatu baadaye ndoo ilitulia 0.996. Ukipiga hesabu ni kama asilimia 10. Si kali. Kwa kweli ni nzuri: ina rangi, ina harufu ya zabibu, na ulimi haulalamiki. Nimepata chupa 28 na ziko chini ya kitanda. Ile makala ya zamani nilimwandikia mteja nikimwomba niirekebishe bure. Hajajibu.

Jumamosi napanda matatu ya Engineer. Nimejaribu kupanga nitakachosema na kila mara inatoka ndefu, kwa hivyo nimeikata mpaka ikabaki sentensi mbili. Sijaamua kama nibebe chupa.