Neno Moja katika Mkataba

Mtu akinisifu kwa Kifaransa changu huona haya kidogo, nami nitawaeleza sababu yake.

Hapa kwetu Salamabila dhahabu imo chini ya miguu yetu, na kwa ajili yake huja karatasi nyingi. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha ya serikali ni Kifaransa, na karatasi hizo huja kwa Kifaransa. Basi wazee humwita mwalimu.

Siku moja waliniita niwafasirie sheria ya madini, iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018. Sheria hiyo yaagiza kampuni yenye kuchimba itoe, kwa maendeleo ya wenyeji, sehemu isiyopungua 0.3 kwa mia ya «chiffre d'affaires» yake. Nilipofika hapo nikasema upesi: «faida». Wazee wakaitikia, karani akaandika.

Usiku ule sikupata usingizi. Maana faida ni kile kinachobaki baada ya kulipa gharama zote, lakini maneno yale ya Kifaransa yataja fedha zote zilizopatikana kwa kuuza. Kampuni ikisema mwaka huu imepata hasara, wazee wangerudi nyumbani mikono mitupu, tena wangeona ni haki. Walichopewa na sheria, mimi nilikuwa nimewanyang'anya kwa ulimi wangu.

Nikakumbuka somo ninalowafundisha wanafunzi wangu. Mwaka 1889 Menelik wa Ethiopia alifanya mapatano na Waitalia huko Wuchale. Katika kifungu cha 17, maandiko ya Kiamhara yalisema kwamba mfalme aweza kuwatumia Waitalia azungumzapo na mataifa mengine. Yale ya Kiitalia yalimlazimisha. Kwa neno hilo Italia ilidai kuwa Ethiopia i chini yake, na ugomvi ule ulifika hata vita vya Adwa mwaka 1896. Somo hilo nalijua kwa moyo, wala halikunizuia.

Asubuhi nilirudi, nikasema: «Wazee wangu, nilikosea. Si faida, ni jumla ya mauzo.»

Mzee mmoja akaniuliza: «Mwalimu, jana faida, leo mauzo. Na kesho?»

Nilinyamaza. Mama mmoja auzaye mawese ndiye aliyeniokoa. «Mwanangu, nikiuza chupa kumi, fedha zote nilizofunga kitambaani kabla sijamlipa mchukuzi, ndizo hizo?»

«Ndizo, mama.»

«Basi katika kila franga elfu, tatu ni zetu.»

Karani akalifuta neno langu. Kisha tukaishika karatasi ya pili, mapatano yaliyokuwa bado hayajatiwa sahihi. Humo iliandikwa kwamba kampuni «itajitahidi» kujenga shule. Safari hii nililipima neno kwa makini, nikalirudia mara mbili.

Mzee yule akasema: «Hilo, mwalimu, umelifasiri vema. Sasa waambie walioliandika walibadilishe.»