Gazi: Kuni za Mvinje na Amana ya Mikoko

Mwenye kuvuka Likoni akashika njia ya kusini, akishaipita Ukunda na kabla hajafika Msambweni, huikuta Gazi, kijiji cha wavuvi na wenye minazi. Tuliizuru kwa ajili ya jambo linalozihusu jikoni zetu sote, nalo ni kuni.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilikatwa kwa wingi ili kuchomea chokaa na matofali, kwani mti wake ni mzito na moto wake ni mkali. Palipofyekwa pakabaki tope tupu, na samaki na kaa wakakosa maficho. Miaka ya 1990 watu wakaanza kuirudisha kwa kupanda, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unahifadhi hekta 117. Kaboni inayohifadhiwa na msitu huo huwaletea wanakijiji fedha, nazo zimesaidia maji na skuli.

Lakini msitu haulindwi kwa kanuni peke yake, maana chungu cha jioni hakingoji kanuni. Mama aliyekosa kuni ataingia mikokoni tu. Ndiyo sababu ikapandwa mivinje nchi kavu, mti ukuao upesi na kutoa kuni na nguzo, ili mkoko upumzike.

Enyi mama na dada zetu, kuni hizo nazo zataka kutunzwa. Kuni mbichi hula moto wake wenyewe kwa kukausha maji yaliyomo, zikatoa moshi unaodhuru macho na vifua vya watoto. Zipasuliwe wakati wa kaskazi, kabla ya masika, zipangwe juu ya mawe zisiguse ardhi, mchwa wasizipate, na upepo upite kati yake. Zifunikwe juu, ubavuni ziachwe wazi. Atoaye kuni na atazame kwanza, kwani nge hupenda kujificha humo. Makumbi na vifuu vya nazi visitupwe: makumbi makavu huwasha moto, na vifuu hutoa makaa mazuri. Kutupa kinachofaa ni israfu.

Nasi waume tusidhani kuni ni kazi ya wake zetu peke yao. Apandaye mivinje kumi leo humpunguzia bintiye mwendo wa kesho, na mikoko aliyoikuta huiacha kama amana kwa watakaokuja.