Kwaraha, mlima wa nyuma ya nyumba

Ukishuka kwenye bajaji pale Singe huna haja ya kuuliza mlima uko wapi. Kwaraha una mita 2,415, volkano iliyozimika zamani, na mji wa Babati umekaa miguuni pake. Wapandaji wengi hunywa chai stendi, wakawahi Katesh kuupanda Hanang wenye mita zaidi ya 3,400. Shauri yao.

Tuliondoka alfajiri ya Julai, mabegi mgongoni na kibali mfukoni, maana huu ni msitu wa hifadhi, na bila mwenyeji hupandi. Mwenyeji wetu, mzee wa Kigorowa, alibeba panga na kidumu cha lita tano, basi. Tulipita mashambani kwanza. Mahindi yalikwisha kuvunwa, mbaazi zilizopandwa katikati yake zimebaki wima zikingoja zamu yao. Mbaazi za huku huliwa India, na mzee hajausahau mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na bei ikaporomoka.

Msituni maneno yalipungua. Mzee alisimama ghafla, akachokonoa kinyesi cha nyati kwa ncha ya panga. Juu kimekauka, ndani bado kibichi. Akanusa hewa, akatutoa njiani, tukazunguka kwenye vichaka vilivyonirarua suruali. Sikuthubutu kulalamika.

Kadiri tulivyopanda, miti ilivaa kuvu za kijani na hewa ikawa na ubaridi wa mtungi. Tulipiga hema mahali pa wazi, tukapika ugali na dagaa kwenye sufuria moja. Usiku baridi ilipenya hadi kwenye fuko la kulalia. Taa za Babati zilikuwa chini yetu, karibu kiasi cha kunifanya nijione mjinga kwa kutetemeka huku juu.

Asubuhi hakukuwa na mvua, lakini matone yalidondoka kila mahali: majani yalikuwa yanaukamua ukungu. Mzee akasema hayo ndiyo maji ya vijito vya kule chini.

Ukungu ulipopasuka, Ziwa Babati likaonekana lote, na Hanang nyuma yake peke yake.

"Mzee, nyumbani kwako ni wapi?"

Akanyoosha panga kuelekea Singe. "Lile bati linalometa, kijana. Bado jipya. Mbaazi za mwaka jana zile."