Petroli ya maganda: kutafsiri karatasi ya kurasa mbili

Katika Kiswahili cha vitabu, makala ni maandishi kama haya. Huku kwetu Lubumbashi, makala ni kile kinachotiwa katika mbabula ili bukari iive. Mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia mama sokoni analalamika kwamba makala yamepanda bei, anaweza kudhani kwamba watu wa mji huu wanasoma sana. Tunacheka darasani juu ya jambo hilo, lakini nyuma ya neno hilo kuna msitu. Makala ya mji wetu yanatoka katika miombo, na wachomaji wanalazimika kwenda mbali kuliko zamani ili kupata miti.

Kwa sababu hiyo, rafiki yangu anayesoma agronomia aliponiletea karatasi ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kifaransa na kuniomba niitafsiri, nilikubali mara moja. Karatasi ilieleza namna ya kutengeneza ethanoli, yaani alkoli inayowaka, kutokana na kile kinachobaki shambani na jikoni: maganda ya mihogo, magunzi na mabua ya mahindi. Ethanoli hiyo ingetumika kupikia mahali pa makala. Wasomaji wangekuwa akina mama wa kijiji kimoja kisicho mbali na mji, ambako yeye na wenzake wanafanya mazoezi yao. Aliniambia: "Wewe ni mtu wa lugha, kwako hii ni kazi ya jioni moja." Kazi hiyo imechukua majuma matatu. Nataka kueleza kwa nini, maana naona kilichonichelewesha kinahusu kitivo chetu sawa na kinavyohusu kile cha wakemia.

Kwanza nilitaka kukielewa kitu chenyewe, kwa kuwa huwezi kutafsiri usichokielewa. Msingi wake ni mwepesi. Chachu hula sukari, ikatoa ethanoli pamoja na gesi ya kaboni. Kwa hesabu ya kemia, gramu 180 za glukosi zinaweza kutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za gesi. Maana yake, karibu nusu ya uzito wa sukari inapotea katika mapovu, hata kama kazi imefanyika bila dosari. Baadaye mchanganyiko unachemshwa. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za selsiasi, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia una alkoli nyingi kuliko maji. Ukipozwa, unadondoka.

Ugumu unatokea kabla ya hapo, katika kuipata sukari. Wanga wa muhogo au wa mahindi ni sukari zilizoshikana katika mnyororo mrefu, na chachu ya kawaida haiwezi kuula mpaka mnyororo huo ukatwe. Bua la mahindi ni gumu zaidi. Ndani yake kuna selulosi, ambayo nayo ni mnyororo wa glukosi, lakini imekazwa na kufunikwa na lignini, kile kinachofanya mti uwe mti. Mwaka 1819 mkemia Mfaransa Henri Braconnot alionyesha kwamba asidi ya salfa inaweza kugeuza matambara ya kitani kuwa sukari. Katika Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waliokuwa katika visiwa vya Solomon waliona mahema na nguo zao za pamba zinaoza upesi. Mhusika alikuwa kuvu mdogo, ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Vimeng'enya vya kuvu huyo ni kati ya vile vinavyotumiwa leo viwandani kuvunja selulosi. Sisi wa Katanga hatuhitaji kwenda mpaka Solomon ili kuamini jambo hilo. Kila kichuguu kando ya barabara ni ushahidi kwamba kuna viumbe wanaojua kuula mti, na mchwa wenyewe wanasaidiwa na kuvu pamoja na vijidudu vilivyo tumboni mwao.

Nilipofika hapo, nilikwenda kumwona mama mdogo wangu. Amepika lutuku kwa miaka mingi, na ada ya shule ya watoto wake ilitoka katika pipa lile na mrija ule wa shaba unaopita ndani ya maji baridi. Nilitaka kusikia maneno anayotumia. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, tena Kiswahili chetu cha Lubumbashi ndicho kinachodharauliwa zaidi. Mama huyu alinieleza hatua zote tangu mahindi yanapooteshwa mpaka tone la kwanza, na hakukwama mahali hata pamoja.

Neno lililonisumbua katika karatasi lilikuwa "kimeng'enya". Ni neno zuri la kamusi, lakini kijijini hakuna atakayelijua. Nikamuuliza mama juu ya munkoyo. Kila mtu huku anakijua kinywaji hicho: unapika uji wa mahindi, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na baada ya muda uji ule mzito unakuwa mwepesi na kuanza kuwa mtamu. Wataalamu wanaeleza kwamba mizizi hiyo ina kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Basi nikaandika hivi: "Kimeng'enya ni kitu kinachofanya kazi kama mzizi wa munkoyo ndani ya uji." Rafiki yangu aliposoma sentensi hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwalimu wake alitumia saa mbili kuwafundisha jambo lile lile.

Hapo mambo yalikwenda vizuri. Palipokuwa pagumu ni katika maneno mawili ambayo kila mtu anadhani ni mepesi.

La kwanza ni "déchets". Karatasi ya Kifaransa ilisema "déchets agricoles" tangu kichwa chake mpaka mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeandaa tafsiri mbili, takataka na mabaki, nikamsomea mama zote mbili nione ipi itakaa vizuri. Kwa ile ya kwanza alikunja uso. "Bucafu? Ni nani alisema ile iko bucafu?" Akaanza kunihesabia. Maganda ya mihogo yakikauka, mbuzi wanakula. Magunzi yanawasha moto. Mabua yanalala shambani mpaka mvua inakuja, na yakioza yanarudi udongoni. "Kama munatosha byote mu shamba, bulongo itakula nini?"

Swali hilo si la mtu asiyejua maendeleo. Wataalamu wa udongo wanauliza vilevile: mabua yanayobaki shambani yanazuia mmomonyoko, yanatunza unyevu na kurudisha sehemu ya rutuba. Mwandishi wa Kifaransa alipochagua neno "déchets" alikuwa amekwisha kuamua, bila kumwuliza yeyote, kwamba vitu hivyo havina mwenyewe wala kazi. Kama ningeandika "takataka za mashamba", ningewaambia akina mama kwamba kile wanachokitumia kila siku hakina thamani, na kwamba wanaweza kukitoa chote bila hasara. Neno "mabaki" lina nafuu. Nyumbani kwetu mabaki ya chakula hayatupwi, yanafunikwa kwa ajili ya anayechelewa kurudi. Hata hivyo bado ni neno linalokusanya vitu tofauti katika kapu moja.

Mwishowe niliacha kutafuta neno moja. Nilimwomba rafiki yangu tutaje kila kitu kwa jina lake na mahali pake: maganda ya mihogo yanayolundikana penye kumenyea mpaka yananuka, yale ambayo mbuzi wa kijiji hawawezi kuyamaliza. Yana wanga, kwa hiyo kazi yake inakaribia ile ambayo akina mama wanaijua tayari. Mabua tuliyaondoa kabisa katika karatasi. Yanahitaji asidi au vimeng'enya vya kununua, na tena shamba linayahitaji. Hivyo tafsiri iligusa mradi wenyewe, jambo ambalo rafiki yangu hakulitegemea.

Neno la pili ni "alcool". Kwa lugha yetu ningeweza kuandika pombe, na mtu angeelewa mara moja. Tatizo ni kwamba angeelewa mno. "Bantu batakunywa ile," alisema mama bila kufikiri mara mbili. Anajua anachosema. Wakoloni Wabelgiji waliikataza lutuku, watu wakaendelea kuipika usiku, na mpaka leo inanywewa na wale wasio na pesa ya bia ya chupa. Alkoli ya kuwasha hutiwa kitu kichungu au cha sumu ili isinyweke. Kikiwa ni methanoli, kiasi kidogo tu kinaweza kumpofusha mtu au kumwua. Hata kabla ya kutiwa kitu, maganda ya mihogo yana sianidi yake, ndiyo maana tunailoweka mihogo michungu kabla ya kuila. Karatasi inayosema "pombe ya kupikia" ingeingia katika nyumba zenye wanywaji, na kosa la neno lingelipwa na mtu ambaye hakuisoma.

Tulijaribu majina mengine. "Ethanoli" haimwambii mtu kitu. Rafiki yangu alipendekeza "maji ya moto", nikamwambia kwamba watu wataoga. "Lutuku ya mbabula" lilimchekesha mama sana, lakini lilirudi kwenye hatari ile ile. Yeye ndiye aliyesema: "Andika petroli." Huku kwetu petroli ni mafuta ya taa, yale ya kandili, kile kinachotiwa katika gari tunakiita esansi. Kila mtoto anajua kwamba petroli hainywewi na kwamba chupa yake haiwekwi karibu na chupa ya maji. Basi likazaliwa jina "petroli ya maganda".

Rafiki yangu hakufurahi. Alisema petroli inatoka chini ya ardhi, ethanoli inatoka katika mmea, na kuziita kwa jina moja ni kosa la kisayansi. Nilimjibu kwamba watu wengi huita vitu kwa kazi yake, si kwa asili yake. Lakini aliongeza jambo ambalo nililikubali. Mwali wa petroli ni wa manjano na una moshi, kila mtu anauona. Mwali wa ethanoli ni wa bluu hafifu, na penye jua kali karibu hauonekani. Mama anayezoea petroli anaweza kuongeza ethanoli katika jiko akidhani limezimika, na moto ukapanda mpaka kwenye chupa iliyo mkononi. Jina linalomlinda mlevi linaweza kumchoma mpishi. Kwa hiyo chini ya jina tumeandika kwa herufi kubwa: "Moto wake hauonekani mchana. Usiongeze kabla jiko halijapoa." Na tumeongeza kwamba, tofauti na petroli, moto wake mdogo unaweza kuzimwa kwa maji mengi, kwa sababu ethanoli inachanganyika na maji.

Nilidhani tumemaliza. Niliposoma karatasi yote mbele ya mama, alisikiliza mpaka mwisho akauliza: "Sasa kwa kupika ile, makala ngapi?"

Ndilo swali ambalo karatasi ya Kifaransa haikuligusa. Kukeneka kunahitaji moto wa muda mrefu, na mchanganyiko wa maganda huwa na alkoli kidogo na maji mengi. Mama anajua ni magunia mangapi anayoyamaliza kwa pipa moja la lutuku, na lutuku haihitaji hata kuwa kali kama alkoli ya jiko. Ukichoma makala ili kupata kitu cha kupunguza makala, miombo haijapata faida yoyote. Viwanda vya sukari vimepata jibu lao zamani. Huko Brazil, ambako serikali ilianzisha mpango wa Proálcool mwaka 1975, makapi ya miwa yenyewe ndiyo yanayochomwa kutoa joto la kazi. Nchini mwetu, kiwanda cha Kwilu-Ngongo katika Kongo-Kati kinatengeneza alkoli pamoja na sukari, na malighafi iko pale pale. Kijiji kina pipa na mrija. Joto lake lingepaswa kutoka katika magunzi, lakini magunzi nayo tayari yana kazi katika hesabu ya mama.

Tangu siku hiyo rafiki yangu amerudi kwenye hesabu zake. Anapima ni kilo ngapi za magunzi zinazohitajika kwa lita moja, na kama kijiji kina ziada ya kutosha. Inawezekana jibu litakuwa hapana, na karatasi haitapigwa chapa kamwe. Hata hivyo ni heri akina mama wapate jibu hilo sasa kuliko baada ya msimu mzima wa kubeba maganda.

Kwetu sisi wa kitivo hiki, somo la tafsiri huanza kwa kulinganisha maandishi mawili mezani. Ningependa tuongeze meza ya tatu, ile ya mtu atakayeitumia karatasi. Mama mdogo wangu hakusoma zaidi ya darasa la nne. Katika kurasa mbili aliona maneno mawili yenye hatari na hesabu moja iliyokosekana, na aliyaona kwa sababu alisomewa kwa lugha anayopikia. Kwa Kifaransa, karatasi ile ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu wanne wenye diploma, na wote walikuwa wameikubali.