Mji Usio na Albamu

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar. Alipiga picha za Sultani na za raia wa kawaida. Baadaye mwanawe, Rohit, akaiendeleza kazi hiyo. Ndiyo maana mtafiti wa Unguja anaweza kuutazama mtaa uleule kabla ya Mapinduzi ya 1964 na baada yake. Mimi ninayetafiti Shinyanga na Geita nawaonea Wazanzibari wivu kwa hilo (na kwa pweza, lakini hilo ni jambo jingine).

Si kwamba huku picha hazikupigwa. Namfahamu mzee mmoja mjini Shinyanga aliyeendesha studio tangu miaka ya 1970. Alipiga harusi, mikutano ya chama, wakulima waliokwisha kulipwa fedha za pamba, na vijana waliotoka machimboni wakiwa na redio mpya begani, nyuma yao pazia lililochorwa ndege. Dhahabu yenyewe haimo katika picha hata moja. Kimo kile walichoinunulia. Mwanafunzi wa uchumi hatakipata katika ripoti yoyote ya wizara. Negativu zimo ndani ya maboksi ya sabuni, na mchwa wameshayafikia.

Fikiria Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale. Yakaibuka madai kwamba wako waliofukiwa mashimoni. Serikali na kampuni wakakanusha. Hadi leo hata idadi ya watu waliokuwa wakiishi katika kambi ile ina ubishi. Picha za mpiga picha wa mtaani zisingeumaliza ubishi huo, lakini zingetuonyesha vibanda, maduka, na sura za watu ambao sasa wanatajwa kwa makadirio tu.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati ni haki yetu, sipingi. Hata hivyo nilipomweleza ofisa mmoja kwamba skana moja na chumba kikavu vingetosha kuanzia, aliniuliza picha za marehemu zitamlisha nani.

Mzee ana miaka 81. Watoto wake wanataka chumba chenye maboksi wakipangishe.