Uvivu wangu ulivyomtoa damu babu

Msomaji wangu, wapo watoto wa mjini wanaodhani risasi huzaliwa dukani. Mimi nimezipika kwa mkono wangu, tena jikoni kwa bibi, Ilemba, kule bonde la Ziwa Rukwa, ukishateremka mlima kutoka Sumbawanga.

Ilikuwa 1994, niko darasa la sita, nimekwenda likizo. Babu alikuwa na gobore, na kibali chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kazi ya gobore hilo ni moja tu: kuwatimua nguruwe pori wanaomaliza mahindi.

Kiswahili nacho kina utani. Madini yanaitwa risasi, na kinachotoka mtutuni ni risasi. Babu alipata madini yake kwenye vizito vya nyavu chakavu za wavuvi. Anakwaruza kwa ukucha. Alama ikibaki, ni laini, inafaa. Za betri ya gari hakuzitaka, alisema ni ngumu na zina tindikali.

Wafipa ni watu wa moto. Enzi hizo waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo zinazompita mtu kwa urefu. Risasi haihitaji makeke hayo. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, mkaa unatosha. Lakini usiichezee! Tone moja la maji likizama humo linageuka mvuke ghafla, na uji wa moto unakurukia usoni.

Babu alitupia kipande cha nta ya nyuki, akakoroga, uchafu ukapanda juu, akaukomba. Kalibu aliipaka masizi ya koroboi. Za kwanza zilitoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi. Zote zikarudi motoni.

"Mume mwenzangu," akaniambia, "mimina mara moja, usisitesite. Ukisita, hewa inabaki ndani."

Halafu ndiyo ikaja kazi ya kuchosha: kupima. Mizani yake ilikuwa kijiti, uzi na vizibo viwili vya soda. Risasi iliyo nyepesi kuliko mwenzake ina shimo tumboni. Kwa nje inang'aa kama kawaida, ila ikiruka inayumba. Hatua 15 huoni tofauti. Hatua 50, utaiona.

Hata wakubwa wanalijua hilo. Mwaka 1874, huko Creedmoor, Marekani, Waayalandi walishindana na Wamarekani kulenga shabaha hadi yadi 1,000, yaani zaidi ya meta 900. Waayalandi walitumia bunduki za kushindilia kwa mdomo, ndugu za gobore la babu. Walishindwa kwa pointi 3 tu, 934 kwa 931, na mmoja wao alipiga shabaha isiyo yake. Kwa umbali huo, kasoro ndogo haina msamaha.

Basi bwana, risasi ya mwisho ilikuwa nyepesi. Niliona kabisa kizibo kinapanda. Lakini jua lilishazama, wenzangu wananiita mpirani. Nikaitia kwenye kifuko pamoja na nzima, nikatimka.

Usiku wa tatu gobore likalia. Kisha tukasikia babu anapiga kelele. Nguruwe hakupatwa, alimrudia babu na kumchana paja. Alishonwa nyuzi 11. Asubuhi nikamwaga kifuko, nikahesabu. Ile yenye alama ndogo ubavuni, niliyoijua mimi peke yangu, haikuwemo.

Labda ni giza. Labda ni mkono wa mzee. Mimi nilinyamaza miaka tisa.

Nilipomwambia, alikuwa anatembelea fimbo. Alinitazama kitambo. "Uliipima wewe, lakini niliishindilia mimi. Kwa nini sikupima tena?"

Nilitamani anitukane.

Tena kuna kasoro nyingine ambayo wote hatukuiona. Kikaango kile tulikisuuza kwa maji, kikarudi jikoni kukaangia dagaa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Moshi na vumbi lake ni sumu.

Kwa hiyo usinielewe vibaya, sikutumi ukapike. Sheria ya silaha ya 2015 haina mzaha na asiye na kibali. Nakuomba kitu kimoja: ukiona kizibo kinapanda, sema siku hiyo hiyo.